Mizani ya Samaki na Hedi ya Corolla: Kubadilisha Gasketi Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Mafundi wengi wa kando ya barabara hapa Kisumu hawana toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza bolti. Wanakaza hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, kwa mkono na mazoea. Yangu ilikazwa hivyo mara ya kwanza, na gasketi mpya, ile inayoziba kati ya hedi na bloku la injini, ilichomeka kabla mwaka haujaisha, kwenye mlima wa kuelekea Kericho. Mara ya pili niliifanya mwenyewe uani, na toki renchi yangu ilikuwa mizani ya ndoano, ile ambayo wauza samaki wa Dunga wanapimia mbuta. Gari bado linatembea.

Mwongozo huu ni wa injini ya Toyota 4A-FE, cc 1,587, ile ya Corolla za miaka ya tisini ambazo bado zimejaa barabara za magharibi. Kama yako ni nyingine, mpangilio wa kazi ni karibu huohuo, lakini namba za kukaza ni lazima uzitafute za injini yako. Usiazime zangu.

Kwanza, je, ni gasketi kweli?

Usifungue hata bolti moja kwa sababu gari limechemka tu. Gari huchemka kwa mambo madogo: feni haizunguki, kifuniko cha rejeta kimelegea, termostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) imekwama. Na huku kwetu kuna jambo la mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipanda hadi Kericho, yanachemka kwenye 93. Kinachozuia rejeta isichemke mapema ni kile kifuniko chake chenye springi, kwa kuwa kinashikilia mgandamizo ndani. Mpira wake ukikauka, injini nzima inaonekana mbovu ilhali kosa ni la kifuniko. Badilisha hicho kwanza.

Termostati ipime jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uwashe moto. Ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Huna kipimajoto? Maji yakichemka sawasawa na bado imefunga, itupe. Ila usifanye kama wanavyofanya wengi, kuing'oa na kuendesha bila termostati kabisa. Injini isiyopata joto lake inakunywa petroli na kujisaga pole pole, na ile shida ya kuchemka unakuwa umeificha tu.

Sasa dalili za gasketi yenyewe. Moshi mweupe wa asubuhi peke yake si ushahidi, maana hata mtu hutoa mvuke mdomoni kukiwa na baridi. Ute mweupe kama uji chini ya kifuniko cha oili nao unaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi za sokoni. Ninazoziamini ni hizi: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, maji yanapungua na hakuna tone chini ya gari, plagi moja ukiing'oa iko safi kama imeoshwa huku wenzake ni kahawia. Funga glavu ya plastiki kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, kisha washa. Ikivimba na kutikisika kwa mapigo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Ukitaka uhakika zaidi, tengeneza kipimo cha upepo. Chukua plagi kuukuu, vunja kaure yake yote, ubaki na chuma chenye uzi. Mpelekee mchomeleaji akuunganishie valvu ya tairi kwa shaba. Zungusha injini kwa mkono hadi pistoni ya silinda unayoipima iwe juu kabisa na valvu zote zimefunga, tia gia, vuta breki ya mkono, na ondoa spana kwenye krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Hilo la mwisho nalisisitiza: pistoni ya injini hii ina kipenyo cha milimita 81, na upepo wa PSI 30 tu unaisukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Spana iliyosahauliwa hapo inavunja mkono. Kisha pampu ya mguu, na masikio. Upepo ukisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya eksozi haifungi. Ukisikika kwenye mdomo wa oili, ringi zimechoka. Ukiona mapovu kwenye rejeta, basi ni gasketi au hedi imepasuka, na sasa tunaweza kuanza kazi.

Vyombo: cha kununua, cha kubuni, na kisichobuniwa

Nunua au azima soketi nzuri za namba 10, 12, 14, 17 na 19, mkono mrefu wa soketi, na soketi inayokaa barabara kwenye bolti za hedi yako. Usiende na ya kubahatisha. Bolti ya hedi ikilika kichwa, utaikumbuka siku zote.

Kisichobuniwa ni stendi. Gari halikai juu ya jeki peke yake, wala juu ya tofali, wala mawe. Tofali la saruji hubeba vizuri hadi dakika linapopasuka, na halitoi onyo. Kama huna stendi za chuma, gogo pana la mti mgumu lililokatwa tambarare ni afadhali mara kumi, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya kizingiti cha gari kama akiba.

Vingine vyote tutavibuni. Trei ya mayai yenye mashimo thelathini ni ya vifuniko vya beringi za kamshafti (mihimili ya juu inayofungua valvu), kila kimoja shimo lake, kimeandikwa. Kipande cha katoni kitachorwa umbo la hedi na kutobolewa matundu kumi ya bolti. Rangi ya kucha ni ya alama. Pampu ya baiskeli yenye sindano ya kujazia mpira itapuliza mashimo. Kadi ya benki iliyokwisha muda ndiyo ya kukwangulia. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, ikikatwa kitako, inageuka faneli ya kujazia rejeta. Na mizani.

Mizani inavyogeuka toki renchi

Nguvu ya kukaza huandikwa kwa Nm, yaani nyutoni mita. Maana yake ni nguvu unayovuta ikizidishwa na umbali kutoka katikati ya bolti hadi pale unapovuta. Hakuna kingine ndani yake. Kwa hiyo:

kilo za kusoma kwenye mizani = Nm ÷ (urefu wa mkono kwa mita × 9.8)

Hedi ya 4A-FE huanza na Nm 29. Pima sentimita 30 kutoka katikati ya soketi, piga alama kwenye mkono wa spana, tia ndoano hapo. 29 gawanya kwa (0.30 × 9.8) ni kilo 9.9. Vuta hadi mizani isome hapo, basi. Vifuniko vya kamshafti ni Nm 13: kwa mkono wa sentimita 20 ni kilo 6.6. Puli ya kamshafti ni Nm 59, na kwa sentimita 30 ni kilo 20. Bolti ya krenki ni Nm 118: mkono wa sentimita 60, kilo 20 tena.

Chagua mizani ndogo. Ile ya kilo 100 ya magunia haitakuonyesha tofauti ya nusu kilo. Ipime kabla ya kuiamini: mtungi wa lita 5 uliojaa maji ni kilo 5 na uzito kidogo wa mtungi wenyewe. Halafu ilaze kama utakavyoivuta, uone kama mshale unakaa sifuri, kwa sababu springi iliyolala haisomi sawasawa na inayoning'inia. Kama mshale umehama, hesabu tofauti hiyo.

Mambo mawili huharibu kipimo. La kwanza ni pembe. Mizani ivutwe mraba na mkono wa spana, digrii 90. Ukivuta kwa digrii 60 umepoteza asilimia 13 ya nguvu na mizani haitakuambia. La pili ni uzito wa mkono wenyewe. Bolti za hedi zimesimama, kwa hiyo mkono unazunguka ukiwa umelala na uzito wake hauhesabiki. Lakini bolti ya krenki imelala ubavuni, na bomba refu lililonyooka kwa pembeni linaongeza uzito wake kwenye kazi bila kupimwa. Dawa ni rahisi: bomba liwe limesimama wima wakati wa kipimo, nawe uvute kwa usawa. Na kila mara shika kichwa cha soketi kwa mkono wa kushoto kisiegemee.

Kufungua

Injini iwe baridi kabisa, ya kulala usiku. Toa waya hasi ya betri. Mwaga maji ya rejeta kwenye beseni, wala si kwenye mtaro. Kulanti ya glaikoli, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni tamu na ni sumu, mbuzi na mbwa huinywa, na mitaro ya Kisumu inajua njia moja tu, ya ziwani.

Piga picha za simu. Piga nyingi kuliko unavyodhani utazihitaji, hasa za mipira midogo ya upepo, kwa sababu yote inafanana ikishatoka. Bandika plasta kila kiunganishi cha waya na uandike namba. Toa kichuja hewa, waya za plagi, kifuniko cha valvu, na vifuniko vya juu vya belti ya kamshafti.

Zungusha krenki kwa spana, kwa mwelekeo wa saa tu, hadi alama ya puli ikae kwenye 0 na silinda ya kwanza iwe juu ikiwa imefunga valvu. Mrija wa plastiki wa kunywea soda ukiutumbukiza kwenye tundu la plagi utakuonyesha pistoni inapanda. Usitumie bisibisi, maana ikikwama na kupinda ndani humo, umejitafutia kazi ya pili. Tia rangi ya kucha kwenye belti na kwenye puli zinapokutana. Legeza kikaza belti, toa belti. Kama hujui ilibadilishwa lini, hii ndiyo siku yake: kilomita 100,000 ndio umri wa kuistaafisha, na hapo ndipo utahitaji kutoa puli ya krenki. Kuizuia injini isizunguke unapoilegeza, mtu mmoja akanyage breki gari likiwa kwenye gia ya tano.

Sasa pahala ambapo wengi huharibu. Kamshafti moja huzungushwa na belti, na ya pili huzungushwa na gia. Gia ya ile isiyo na puli ni mbili zilizobanwa kwa springi, kama mkasi. Kabla hujaigusa, tafuta tundu dogo kwenye gia hiyo na utie bolti ya milimita 6 yenye urefu wa kati ya milimita 16 na 20, ili gia mbili zishikane. Ukisahau, springi inajifyatua na kuirudisha ni mashindano. Halafu vifuniko vya beringi vilegezwe kidogo kidogo, kwa zamu, kamshafti ikiinuka ikiwa imelala sawa. Ukilegeza upande mmoja hadi mwisho, valvu za upande wa pili zinaisukuma kamshafti na alumini inapasuka. Kila kifuniko shimoni mwake kwenye trei ya mayai.

Ndipo bolti kumi za hedi. Legeza kutoka nje kuja katikati, robo robo ya mzunguko, mara kadhaa. Zitumbukize kwenye katoni kila moja mahali pake, maana si urefu mmoja: za upande wa eksozi ni ndefu kuliko za upande wa hewa. Hedi ikigoma kuinuka, usichomeke bisibisi kati yake na bloku. Itikise kwa kipande cha mbao kwenye pembe.

Uso wa hedi

Hapa usiwe na haraka. Ziba silinda kwa vitambaa safi. Kwangua gasketi ya zamani kwa kadi ya benki na mafuta taa, kisha tena, kisha tena. Msasa wa kuzungushwa na mashine usiuguse uso wa alumini hata kama jirani anao na anakuazima bure. Unachimba mabonde usiyoyaona, na vumbi lake linashuka kwenye oili hadi beringi.

Kujua kama hedi imepinda, unahitaji kitu kilichonyooka. Mimi nilitumia ukanda wa kioo kinene cha dirisha, ubavu wake uliokatwa ukiwa mzima. Muulize mkata vioo akukatie wa kufika kona hadi kona, na mwambie asugue ncha. Usimamishe juu ya hedi kwa urefu, kwa upana, na kwa mishazari yote miwili. Kikomo ni milimita 0.05, na kwa hilo nunua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, ni chombo kidogo na cha bei ya chini. Usiku ambao sikuwa nayo nilitumia karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Unene wake ni takriban milimita 0.1, mara mbili ya kikomo. Kwa hiyo karatasi ikipita chini ya kioo, hedi inaenda kwa wenye mashine bila mjadala. Isipopita, bado hujui, na fila geji inahitajika.

Ukiwa na hedi mkononi, ipindue, plagi zikiwa zimefungwa, ujaze mafuta taa kila chumba cha moto. Yakikaa dakika kumi bila kuvuja kwenye milango ya hewa na eksozi, valvu zinafunga. Kusaga valvu ni kazi ya siku nyingine na sitaigusa hapa.

Mashimo ya bolti kwenye bloku yapulizwe kwa ile pampu ya baiskeli na sindano yake, jicho likiwa limekingwa. Oili au maji yakibaki chini ya shimo, bolti inashuka na kuyabana, nayo hayabaniki. Bloku linaweza kupasuka, au mizani ikakuonyesha kilo zako zote hali hedi haijashikwa.

Bolti zenyewe zisafishe nyuzi kwa brashi. Zilinganishe zile za urefu mmoja, zikisimama juu ya kioo. Iliyorefuka kuliko wenzake, au iliyokonda shingo, usiirudishe. Nikiwa na pesa nanunua zote mpya.

Kukaza

Gasketi mpya inakaa kavu, bila silikoni, maandishi yake yakitazama juu, matundu yake yakilingana na ya bloku. Shusha hedi na mwenzako, mara moja, bila kuiburuta. Paka bolti oili kidogo ya injini kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Msuguano wa nyuzi kavu hula nguvu yako na kudanganya mizani.

Anza katikati, zunguka kuelekea nje. Duru ya kwanza kwa mkono hadi ziguse. Ya pili nusu ya nguvu, kilo 5 kwenye alama ya sentimita 30. Ya tatu kilo 9.9. Rudia duru hiyo ya tatu, kwa sababu bolti ya kwanza hulegea kidogo wenzake wanapokazwa.

Sasa weka mizani pembeni. Tia doa la rangi ya kucha mbele ya kila kichwa cha bolti, madoa yote kumi yakitazama mbele ya gari. Kwa mpangilio uleule geuza kila bolti digrii 90, hadi doa litazame ubavuni. Maliza zote kumi. Kisha digrii 90 tena, doa litazame nyuma. Utasikia bolti inakuwa nzito na roho yako itakwambia uache. Usiache. Mafundi wa mkono huishia hapo, na kwangu ndipo walipoishia.

Rudisha kamshafti kwa zamu ileile ya kidogo kidogo, vifuniko kilo 6.6 kwa sentimita 20, toa bolti ya milimita 6, kaza puli. Rudisha belti alama zikilingana, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama upya. Zikiwa zimehama hata jino moja, vua belti uanze tena. Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za eksozi 0.25 hadi 0.35.

Maji, moto na siku za kwanza

Badilisha oili na kichuja chake kabla ya kuwasha, hata kama ile ya zamani inaonekana nzuri. Tia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, na mvua Kisumu si bidhaa adimu.

Egesha pua ya gari ikitazama mlimani, fungua hita hadi mwisho, chomeka chupa ya soda kwenye mdomo wa rejeta ukiwa umeizungushia kitambaa, ijaze nusu. Washa. Mapovu yatatoka kwa muda, kisha termostati itafunguka, maji kwenye chupa yatashuka ghafla, nawe utaongeza. Mapovu yakiisha na feni ikijiwasha na kujizima mara mbili, zima na uache ipoe kabla ya kufunga kifuniko.

Tia alama ya rangi ya kucha kwenye tangi dogo la maji. Kwa wiki moja usiende mbali: Mamboleo na kurudi, Kiboswa na kurudi. Kila asubuhi tazama alama na kijiti cha oili. Maji yakishuka kidogo siku mbili za kwanza, ni hewa iliyobaki inatoka. Yakiendelea siku ya tano, rudi kwenye kipimo cha glavu.

Na akija mtu akakushauri ufungue kifuniko cha valvu baada ya kilomita 500 ukaze hedi upya, mshukuru umwache. Hiyo ilikuwa desturi ya injini za kale. Bolti iliyokazwa kwa kugeuzwa digrii haiguswi tena hadi siku hedi itakapotoka.